Kuvunja Plastiki kwa Vijidudu Pale Fedha Zinapokuwa Haba: Hotuba kwa Wanafunzi na Wakusanyaji Taka, Kisumu

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na akina baba wa vikundi vya ufuoni, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliofika kutoka Maseno, Bondo na Kakamega, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nieleze iwapo inawezekana, kwa fedha za chuo cha kawaida cha huku kwetu magharibi, kubadilisha jeni za kijidudu ili kivunje taka za plastiki. Jibu nitalitoa mapema, ili asiwepo wa kulisubiri hadi mwisho. Inawezekana kumchukua bakteria asiye na madhara, kumpa jeni ya kutengenezea kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) kinachokata plastiki ya aina moja, kukivuna kimeng'enya hicho na kukifanyisha kazi ndani ya chombo kilichofungwa. Haiwezekani, na hata ingewezekana nisingeliunga mkono jambo hilo, kummwaga bakteria huyo katika Ghuba ya Winam, hapa kwetu Ziwa Viktoria, tukitarajia chupa na mifuko ipotee. Shilingi chache tulizo nazo zitazaa kitu au zitapotea kutegemea ni lipi kati ya hayo mawili tutakalolifuata, na kwa hiyo ndilo nitakalolizungumzia kwa kirefu.

Habari hii ilianza kuvuma Machi 2016, pale watafiti wa Japani, wakiwemo Shosuke Yoshida na Kohei Oda, walipoeleza katika jarida la Science kwamba wamempata bakteria waliyemwita Ideonella sakaiensis, katika sampuli zilizochukuliwa kwenye eneo la kuchakata chupa mjini Sakai. Bakteria huyo aliweza kujilisha kwa PET, ile plastiki ya chupa za maji na soda. Ana vimeng'enya viwili: PETase hukata mnyororo wa plastiki kuwa vipande vidogo, na MHETase hukimaliza kila kipande kwa kukigeuza kuwa asidi ya tereftaliki na glikoli ya ethilini, ambazo ni malighafi zilezile zilizotumiwa kiwandani kuitengeneza plastiki yenyewe. Magazeti mengi yaliishia hapo. Yaliyoachwa ni kwamba utando mwembamba wa PET uliotumiwa ulichukua takriban wiki sita kuliwa katika nyuzijoto 30, na kwamba utando huo ulichaguliwa makusudi kwa kuwa fuwele zake zilikuwa chini ya asilimia 2. Chupa inayookotwa mitaani Kondele haiko hivyo. Inapopulizwa kiwandani, plastiki hunyooshwa na minyororo yake ikajipanga kwa safu zilizobana, hata fuwele zikafikia asilimia 30 hivi. Kimeng'enya kikifika kwenye safu hizo hakipati pa kuingilia.

Kwa wale ambao kemia waliiacha shuleni, na wala si aibu, fikirieni uzi wa shanga. PET ni shanga zilizofungwa moja kwa nyingine kwa vifundo. Kifundo hicho, ambacho wanakemia hukiita esta, ni cha aina ambayo viumbe wamekuwa wakiifungua tangu zamani, maana mafuta tunayopikia na utando unaofunika majani ya mimea vyote vimefungwa kwa vifundo vya jamii hiyo. Polithini ya mifuko, polipropilini ya magunia na vifuniko, na polistirini ya vifungashio vya chakula hazina vifundo: ni kaboni iliyoshikana na kaboni toka mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana ninapomsikia mtu akisema kwamba bakteria anakula plastiki, swali langu la kwanza ni plastiki ipi.

Sisemi kwamba hakuna kiumbe anayezigusa hizo nyingine. Mwaka 2017 Federica Bertocchini na wenzake walieleza jinsi viwavi wa nondo wanaoharibu mizinga ya nyuki wanavyotoboa polithini, na mwaka 2024 wanasayansi wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko hapa hapa Kenya, walionyesha kwamba buu wa aina ya mbawakawa anayepatikana nchini anaweza kutafuna polistirini, huku bakteria wa utumbo wake wakibadilika kwa ajili ya mlo huo. Kazi hiyo ya ICIPE naiheshimu, na mwanafunzi anayetaka utafiti wa muda mrefu atapata maswali mengi ndani yake. Lakini kasi yake ni ndogo, na maabara yenye fedha kidogo haina sababu ya kuanzia mahali pagumu kuliko pote.

Sasa tulitazame ziwa. Plastiki inayoelea ufuoni Dunga ni hasa ile isiyo na vifundo, kwa kuwa polithini na polipropilini ni nyepesi kuliko maji. PET ni nzito, na chupa ikishajaa maji huzama. Nyavu chakavu ni za nailoni, ambayo ni habari nyingine kabisa. Maji ya ghuba huwa na nyuzijoto 25 hivi, chini ya zile ambazo bakteria wa Sakai alihitaji ili afanye kazi kwa wiki sita kwenye utando laini. Tena ziwani kuna vijidudu visivyohesabika vilivyozoea mazingira hayo, na chakula rahisi tele kutokana na maji machafu ya mji na gugumaji linalooza. Bakteria wetu aliyebebeshwa mzigo wa jeni ya ziada angeshindwa na wenyeji, au angeiacha jeni hiyo na kula kilicho rahisi. Hiyo ndiyo sababu ya kisayansi, hata kabla hatujafika kwenye sheria.

Kuna jambo la pili ambalo wakusanyaji waliokaa hapa mbele wanalijua kuliko mimi. Chupa ya PET iliyo safi na isiyo na rangi tayari ina mnunuzi. Hupimwa kwa kilo, hufungwa, husafirishwa, husagwa. Mashine ya kusaga haihitaji kimeng'enya, wala maji ya nyuzijoto 50, wala mtu wa shahada ya uzamili. Mradi wa vijidudu ukishindana na mashine hiyo kwa chupa safi utashindwa kwa bei, na jambo baya zaidi ni kwamba utakuwa umemnyang'anya mtu riziki kabla ya kushindwa. Mimi ningeuelekeza mradi wetu kwenye PET ambayo hakuna anayeinunua.

Iko wapi? Nendeni soko la Kibuye siku robota la mitumba linapofunguliwa, mkatazame kinachobaki jioni: shati lililotoboka kwapani, fulana ya timu iliyobabuka maandishi, shuka lililochanika. Poliesta ya nguo ni PET ileile, ila imevutwa ikawa nyuzi. Tatizo lake ni kwamba mara nyingi imefumwa pamoja na pamba, kwa mfano asilimia 65 kwa 35. Nguo hiyo huwezi kuiyeyusha, kwa kuwa pamba haiyeyuki, huungua. Mashine ya kusaga haina msaada hapo, bali kimeng'enya kina sifa ambayo mashine haina: huchagua. Kile kinachokata esta hakiigusi pamba, na vile vinavyokata pamba, ambavyo viwanda vya nguo vimekuwa vikivitumia kwa miaka mingi, haviigusi poliesta. Ugumu uliopo ni kwamba nyuzi za poliesta zina fuwele nyingi, kwa hiyo ni lazima matayarisho yawepo: kuondoa pamba kwanza, kisha kuiyeyusha poliesta iliyobaki na kuipoza ghafla ili fuwele zisipate muda wa kujipanga, kisha kuisaga. Kuyeyusha kunahitaji zaidi ya nyuzijoto 250, na gharama ya moto huo lazima iandikwe kwenye bajeti tangu ukurasa wa kwanza.

Joto la chombo chenyewe ni suala jingine. PET inapokaribia nyuzijoto 70 minyororo yake hulegea, na hapo kimeng'enya kinachostahimili joto hufanya kazi kwa kasi ya namna nyingine. Mwaka 2020 kundi la Alain Marty la kampuni ya Carbios, pamoja na watafiti wa Toulouse nchini Ufaransa, lilionyesha kimeng'enya ambacho, kwa muda wa saa 10 katika nyuzijoto 72, kilivunja asilimia 90 ya PET iliyotayarishwa. Mwaka 2022 kundi la Hal Alper la Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin lilitumia kompyuta kuchagua mabadiliko yatakayoipa PETase nguvu, likapata kimeng'enya kinachofanya kazi vizuri katika nyuzijoto 50. Mimi naelemea upande wa 50 kama mahali pa kuanzia. Hita ya jua iliyo juu ya paa mjini Kisumu hufikisha maji kwenye joto hilo bila bili ya stima, na tanki lililofunikwa vizuri hulihifadhi hadi usiku. Nyuzijoto 72 zinawezekana pia, ila kwa uangalizi na matumizi zaidi.

Nije sasa kwenye fedha. Wengi hudhani kwamba sehemu ghali ni ile ya jeni, na miaka 20 iliyopita ilikuwa hivyo. Leo mpangilio wa jeni ya PETase uko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, umbo la kimeng'enya chenyewe limechapishwa, na tangu mwaka 2022 hifadhi ya mtandaoni ya AlphaFold, programu ya kompyuta inayokadiria maumbo ya protini, imeweka wazi maumbo yaliyokadiriwa ya zaidi ya protini milioni 200 bila malipo. Jeni hiyo ina herufi zisizofika 900, na kampuni zinazoandika DNA hutoza chini ya senti 10 za dola kwa herufi, kwa hiyo jeni nzima haifiki dola 100 kabla ya usafiri na ushuru. Yapo pia mashirika yasiyo ya faida, kama Addgene, yanayosambaza plasmidi, yaani vipete vidogo vya DNA vya kubebea jeni, zilizokwisha kutengenezwa na watafiti wengine.

Penye akiba ya kweli ni katika kumchagua bakteria wa kubeba jeni hiyo. Maabara nyingi hutumia E. coli, kwa kuwa ndiye aliyezoeleka. Lakini E. coli hukiweka kimeng'enya ndani ya mwili wake, ikabidi kumpasua kwa mashine ghali, na wale wa maabara kwa kawaida hawali sukari ya miwa. Ningewashauri mmfikirie Bacillus subtilis. Huyu hutoa protini nje ya mwili wake, unachuja kioevu na kazi imekwisha nusu. Anakula sukari ya miwa, na sisi tumezungukwa na viwanda vya sukari kuanzia Kibos hadi Chemelil na Muhoroni, ambako molasi ni mabaki. Na anatengeneza mbegu sugu zinazokaa zimekauka kwenye karatasi ya chujio ndani ya bahasha. Yeyote aliyewahi kupoteza mkusanyiko mzima wa bakteria kwa sababu stima ilipotea wikendi na friji ya nyuzijoto hasi 80 ikayeyuka ataelewa thamani ya bahasha hiyo. Kutakasa vyombo kunafanyika kwa sufuria ya presha inayofika nyuzijoto 121, ilimradi mtu asimame karibu akiwa na saa.

Kiasi cha kimeng'enya hakisamehe, hata hivyo. Katika kazi ile ya Carbios ya mwaka 2020 walitumia miligramu 3 kwa kila gramu ya PET, yaani gramu 3 kwa kilo. Lita moja ya bakteria waliokuzwa katika chupa ya kawaida ya maabara ikitoa, tuseme, miligramu 50, basi kilo moja ya shati inahitaji lita 60. Hesabu hii ifanywe kabla ya kuandika pendekezo la tani.

Ninataka nikae kidogo kwenye upimaji, kwa sababu hapo ndipo miradi mingi yenye nia njema huporomoka. Mwanafunzi huweka kipande cha plastiki ndani ya udongo wenye bakteria, baada ya mwezi hukipima kwa mizani, hukuta uzito umepungua kwa asilimia 3, naye huandika kwamba plastiki imeliwa. Inawezekana kilichotoka ni rangi na vilainishi vilivyotiwa kiwandani. Vyombo vya kutenganisha kemikali vinavyoweza kumaliza ubishi huo ni vya mamilioni ya shilingi. Lakini kila kifundo cha esta kinapokatwa asidi hutoka, na asidi tunaweza kuipima kwa vifaa vya sekondari.

Fanyeni hivi. Chukueni chupa ndogo ya kioo yenye maji na chumvi kidogo, tieni matone ya fenoli nyekundu, kiashiria kinachobadilika rangi kwa asidi, na alkali kiasi cha kuyafanya maji yawe na rangi ya waridi, kisha wekeni unga wa PET uliopimwa na kimeng'enya kilichochujwa. Funga chupa vizuri ili hewa ya ukaa isiingie, ukaiache katika nyuzijoto 50. Ikiwa kazi inafanyika, waridi itafifia kuelekea rangi ya chungwa, halafu manjano. Sasa dondosha kwa bureti, ule mrija wenye alama za vipimo, alkali unayoijua nguvu yake mpaka waridi irudi, na mililita ulizotumia zitakueleza ni vifundo vingapi vimekatwa. Pembeni ziwepo chupa mbili za kulinganisha, moja isiyo na kimeng'enya na nyingine yenye kimeng'enya kilichochemshwa kikaharibika. Zote mbili zikibadilika rangi, kosa liko kwenye maji au kwenye hewa. Na tafadhali, asiwemo bakteria hai hata mmoja, kwa sababu bakteria anayekula molasi hutoa asidi zake mwenyewe na atakudanganya kwa rangi nzuri ya manjano.

Kipimo hichohicho kinatuonyesha gharama ambayo haitajwi sana. Kilo moja ya PET ikivunjwa yote hutoa takriban gramu 860 za asidi ya tereftaliki na gramu 320 za glikoli. Jumla inazidi kilo kwa sababu maji huingia kwenye kila kifundo kinachofunguka. Asidi hiyo isipozimwa kimeng'enya huacha kufanya kazi. Kuizima yote kwa kostiki soda kunahitaji gramu 420 hivi kwa kila kilo ya plastiki, na kuirudisha kuwa unga unaouzika kunahitaji asidi ya salfuri, na mwishoni unabaki na gramu 740 hivi za chumvi ya salfati. Chumvi hiyo haiwezi kumwagwa mtoni. Pendekezo ambalo halisemi itakwenda wapi ningelirudisha kwa mwandishi wake bila kulisoma zaidi.

Kostiki soda si lazima. Nchi hii imekuwa ikichimba magadi kwa zaidi ya karne moja, na magadi yaliyosafishwa, gramu 550 hivi kwa kilo ya PET, yanaweza kuizima asidi hiyo. Vimeng'enya hivi hupenda maji yaliyoelemea upande wa alkali, na hewa ya ukaa inayotoka huondoka kwa joto. Povu litakuwepo, kwa hiyo chombo kisijazwe. Jambo hili mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kulijaribu muhula mzima na kupata matokeo yenye faida kwa nchi, bila kugusa jeni hata moja.

Na kabla ya kununua jeni ya watu wengine, tuangalie miguuni petu. Kimeng'enya ambacho Wafaransa walikiboresha mwaka 2020 hakikutoka kwenye taka za plastiki. Watafiti wa Osaka walikieleza mwaka 2012 baada ya kuchota DNA moja kwa moja kutoka kwenye mboji ya majani na matawi, ambamo vijidudu vilikuwa vikikata utando wa majani katika joto kali. Sisi tuna mboji ya namna hiyo kila upande: marundo ya gugumaji yaliyovutwa ufuoni, makapi ya miwa nyuma ya viwanda. Rundo kubwa likigeuzwa vizuri katikati yake hufika nyuzijoto 60, na kijidudu kinachoishi hapo kwa kula majani kimekwisha kuzoea joto tunalolitaka. Utafutaji wake ni sahani za aga, ile rojo ya kukuzia vijidudu, zilizochanganywa na poliesta laini hata zikawa na ukungu. Mahali kijidudu kinapotoa kimeng'enya, ukungu hutoweka na duara angavu hujitokeza kukizunguka. Macho yanatosha. Kati ya vijidudu utakavyovipata, vichache ndivyo vitakavyoigusa PET, na hivyo ndivyo vinavyostahili fedha za kusomewa jeni.

Sheria nitaitaja kwa ufupi kwa kuwa iko wazi. Kubadilisha jeni, hata ndani ya chumba kilichofungwa, kunasimamiwa na Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka 2009, na kibali hutoka kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia kabla kazi haijaanza. Kamati ya chuo ya usalama ihusishwe tangu rasimu ya kwanza.

Suala la umiliki linahitaji uangalifu zaidi. Vijidudu vilivyochukuliwa katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa miaka ya 1990 vilizaa vimeng'enya vilivyouzwa na kampuni ya kigeni kwa kazi ya nguo na sabuni, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likaja kudai fungu la Kenya baada ya mali kuwa tayari sokoni. Kanuni za mwaka 2006 kuhusu rasilimali za kijeni, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za rasilimali hizo, zinataka makubaliano yatangulie. Rundo la gugumaji lililo ufuoni lina watu waliolivuta kutoka majini kwa mikono yao. Kwa hiyo kabla mtu wa maabara hajachota kijiko cha kwanza, kikundi cha ufuo kitatia sahihi mkataba unaosema sampuli imetoka wapi na tarehe gani, nani anaruhusiwa kuitoa nje ya nchi, na kikundi kitapata nini iwapo kimeng'enya kitauzwa au kupewa hataza. Rasimu ya mkataba huo iko mezani karibu na mlango, kwa Kiswahili na kwa Dholuo, na nafasi ya fungu la kikundi nimeiacha wazi ili ijazwe na vikundi vyenyewe baada ya kuketi na wakili wao, si na chuo.